Guantánamo ifungwe, mahakama zifanye kazi yake

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hii hufundishwa katika madarasa yetu tangu shule ya msingi, na sidhani yuko mwalimu wa Kiswahili asiyeipenda. Hata hivyo, ni nadra sana kwetu kuichukua na kuipima juu ya jambo zito la dunia. Leo nataka tuipime juu ya gereza la kijeshi la Guantánamo, ambalo serikali ya Marekani ililifungua katika kisiwa cha Cuba tarehe 11 Januari 2002, na ambalo watu wa nchi nyingi, Marekani yenyewe ikiwemo, wamekuwa wakidai lifungwe kwa zaidi ya miaka ishirini. Maoni yangu ni kwamba dai lao ni la haki. Aidha, sisi walimu na wanafunzi wa Kenya tunazo sababu zetu wenyewe, si za kuazima, za kuwaunga mkono.

Kwanza msomaji apaelewe mahali penyewe. Guantánamo ni ghuba iliyoko kusini-mashariki mwa Cuba. Marekani iliikodi kwa mkataba wa mwaka 1903, Cuba ilipokuwa ndiyo kwanza imetoka mikononi mwa Wahispania. Mkataba mwingine wa mwaka 1934 ukasema kwamba ukodishaji huo hautakoma mpaka pande zote mbili zikubaliane, au Marekani yenyewe iamue kuondoka. Kodi yake ni dola 4,085 kwa mwaka, na serikali iliyoingia madarakani Cuba mwaka 1959 imekuwa ikiikataa kwa miongo mingi, ikidai irudishiwe ardhi yake.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Ardhi ni ya Cuba, lakini mahakama za Cuba hazina mamlaka juu yake. Mamlaka ni ya Marekani, lakini mawakili wa serikali ya Rais George W. Bush walishikilia kwamba, kwa kuwa ardhi si ya Marekani, mahakama za Marekani nazo hazina la kusema kuhusu wageni wanaofungwa humo. Gereza hili halikujengwa pale kwa sababu ya bahari nzuri wala kwa sababu ya uhaba wa magereza kwingineko. Lilijengwa pale kwa sababu palitafutwa mahali ambapo hakimu hafiki.

Wafungwa wa kwanza walikuwa 20. Waliwekwa katika vizimba vya nyaya, wakiwa wamevalishwa nguo za rangi ya machungwa, na picha zao zikazagaa dunia nzima. Baadaye yalijengwa majengo ya kudumu, na kwa jumla watu wapatao 780 wakapitia humo. Uchunguzi wa nyaraka za jeshi lenyewe uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Seton Hall mwaka 2006 ulionyesha kwamba wengi wao hawakukamatwa na askari wa Marekani. Walikabidhiwa na Pakistan, au na wapiganaji wa Afghanistan waliokuwa upande wa Marekani, katika wakati ambapo vikaratasi vya kuahidi donge nono la fedha vilikuwa vikisambazwa vijijini. Mtu akiahidiwa utajiri kwa kumtaja jirani yake kuwa gaidi, je, majirani wangapi watabaki wema?

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kwa hiyo nitaomba ruhusa ya msomaji niliangalie jambo hili kwa jicho la taaluma yangu, yaani kupitia maneno. Kiswahili kina maneno matatu ya kumtaja mtu aliyenyimwa uhuru wake. Mfungwa ni yule aliyehukumiwa na mahakama akapewa kifungo chake. Mahabusu ni yule anayengoja kesi yake isikizwe. Mateka ni yule aliyetekwa vitani. Kila neno kati ya haya matatu lina mlango wa kutokea. Mfungwa hutoka kifungo chake kinapokwisha. Mahabusu hutoka hakimu anapomwachilia au kumhukumu. Mateka hurudi kwao vita vinapokwisha, na hivyo ndivyo yasemavyo Makubaliano ya Geneva ya mwaka 1949. Wazee wetu walioyatofautisha maneno haya hawakuwa wakicheza na lugha. Walijua kwamba kumfunga mtu ni jambo zito, na kwamba ni lazima ijulikane amefungwa kwa sababu gani ili ijulikane atatoka lini.

Sasa jiulize: mtu wa Guantánamo ni yupi kati ya hao watatu? Si mfungwa, maana walio wengi hawakuhukumiwa na mahakama yoyote. Si mahabusu, maana walio wengi hawakushtakiwa. Wala si mateka, kwa kuwa tarehe 7 Februari 2002 Rais Bush alitia sahihi waraka uliosema kwamba watu hao hawatahesabiwa kuwa mateka wa vita. Likabuniwa jina jingine, la kuwaita wapiganaji wa adui walio nje ya sheria. Jina hilo ndilo lisilo na mlango. Kwa hilo, mtu anaweza kuzuiliwa mpaka vita vikome, ilhali vita vyenyewe, vya kupigana na ugaidi, havina mpaka wala siku ya kukoma.

Hilo halikuwa jina pekee lililobuniwa. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliyaita mateso yake ‘mbinu zilizoimarishwa za mahojiano’. Miongoni mwa mbinu hizo, kama ilivyoeleza ripoti ya Seneti ya Marekani iliyotolewa mwezi Desemba 2014, ni kumlaza mtu chali na kummwagia maji usoni mpaka ahisi anazama, na kumnyima usingizi kwa siku kadhaa mfululizo. Mwezi Juni 2006 wafungwa watatu walipokutwa wamekufa katika vyumba vyao, na jeshi likasema wamejinyonga, kamanda wa gereza alikiita kifo chao kitendo cha kivita dhidi ya Marekani. Mwaka 2013 wafungwa zaidi ya 100 kati ya 166 waliokuwepo walisusia chakula, na wengine wakalishwa kwa nguvu kwa mipira iliyopitishwa puani. Mwisho wa mwaka huo mwongozo wa gereza ukaacha kuuita mgomo huo mgomo. Ukauita mfungo wa muda mrefu usio wa kidini.

Tafsida si dhambi. Sisi husema mtu amejifungua, amekwenda haja, ameaga dunia, na tunasema hivyo kwa adabu, ili tumsitiri msikilizaji au mtajwa. Lakini iko tafsida ya adabu na iko tafsida ya hila. Ya adabu humsitiri aliyeumia. Ya hila humsitiri aliyeumiza. Mwanafunzi anayetaka kuzitofautisha hizi mbili na ajiulize swali moja tu: neno hili linamfaa nani?

Pengine msomaji atauliza, haya yatuhusu nini sisi huku, maelfu ya maili kutoka Cuba? Yatuhusu sana. Mwezi Februari 2007 Mkenya mmoja alikamatwa Mombasa na maafisa wa usalama wa nchi yetu. Sheria za Kenya hutaka mtu anayekabidhiwa kwa serikali ya nchi nyingine afikishwe kwanza mbele ya hakimu. Huyu hakufikishwa. Alikabidhiwa kwa Wamarekani, na mwezi Machi mwaka huo huo akawa tayari yuko Guantánamo. Alikaa humo zaidi ya miaka 17 bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Mwishoni mwa mwaka 2021 bodi ya serikali ya Marekani yenyewe ilisema kwamba hapakuwa tena na haja ya kumzuilia, lakini ilichukua miaka mingine mitatu kabla ya kurudishwa Kenya mwezi Desemba 2024.

Mtoto aliyezaliwa siku alipokamatwa mtu huyo alikuwa, siku ya kurudi kwake, amekwisha kumaliza shule ya msingi na anakaribia kupata kitambulisho. Mimi simjui mtu huyu, wala sisemi kwamba hana hatia. Sisemi kwa sababu sina haki ya kusema, na wala msomaji hana, na wala serikali ya Kenya au ya Marekani haina. Mwenye haki ya kusema ni hakimu, na hakimu hakupewa nafasi. Maafisa wa Marekani walidai kwamba alihusika na shambulio la hoteli ya Paradise huko Kikambala tarehe 28 Novemba 2002, ambalo liliwaua watu 13, wengi wao wakiwa Wakenya wenzetu. Basi fikirini jamaa za wale waliouawa Kikambala. Kama mtu huyu alihusika, wao walistahili kuusikiliza ushahidi na kuiona hukumu. Kama hakuhusika, walistahili kujua kwamba mwenye kosa bado hajapatikana. Miaka 17 ikapita na hawakupata hili wala lile. Dhuluma moja iliwagusa watu wa pande mbili.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba kudai Guantánamo ifungwe ni kuwahurumia magaidi na kuwasahau waliouawa. Sisi wa Kenya hatuhitaji kufundishwa na mtu ugaidi ni nini. Tarehe 7 Agosti 1998 watu 213 waliuawa katikati ya Nairobi ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa, na wengine 11 wakauawa Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Walio wengi sana hawakuwa Wamarekani. Walikuwa makarani, makatibu wahtasi, abiria wa basi, watu waliokuwa wakipita tu njiani. Wako wenzetu waliopoteza macho siku ile, na wanaishi gizani hadi leo.

Je, ni nani aliyewapatia watu hao haki? Si Guantánamo. Mwezi Februari 2001 mahakama ya kawaida ya jiji la New York ilianza kusikiliza kesi ya washtakiwa wanne wa mashambulio hayo, mbele ya hakimu na baraza la wazee wa mahakama, hadharani. Mwezi Mei wakapatikana na hatia. Mwezi Oktoba mwaka huo huo wote wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha. Mashahidi walisafiri kutoka Kenya wakatoa ushahidi wao, na dunia ikasikia.

Mwingine aliyehusishwa na mashambulio hayo, Ahmed Khalfan Ghailani wa Tanzania, alikamatwa Pakistan mwaka 2004. Yeye alipitishwa katika magereza ya siri ya CIA, kisha mwaka 2006 akapelekwa Guantánamo. Miaka mitano ikapita tangu kukamatwa kwake pasipo kesi kusikizwa. Mwaka 2009 akahamishiwa New York, mwaka 2010 kesi ikasikizwa, na mwezi Januari 2011 akahukumiwa kifungo cha maisha. Kwa hiyo hata mtu aliyekuwa Guantánamo, haki yake na haki ya waliouawa Nairobi zilipatikana alipotolewa Guantánamo.

Wapinzani wetu husema kwamba katika kesi hiyo Ghailani aliachiliwa kwa mashtaka zaidi ya 280 na kupatikana na hatia kwa shtaka moja tu, na kwamba huo ni ushahidi kwamba mahakama za kawaida ni dhaifu. Hoja hii inastahili kujibiwa. Hakimu alikataa kumpokea shahidi mmoja mkubwa kwa sababu jina lake lilipatikana kutokana na mahojiano ya kumshurutisha mshtakiwa katika magereza ya siri. Basi kilichoidhoofisha kesi ni kitu gani, ni mahakama au ni mateso? Anayemtesa mtuhumiwa huuharibu ushahidi wake mwenyewe, mfano wa mtu aitiaye mchanga pishi yake ya unga kisha akamlaumu mwenye kinu.

Tuwatazame sasa wale walioachwa mikononi mwa mahakama za kijeshi za Guantánamo. Watu wanaotuhumiwa kupanga mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, ambayo yaliwaua watu karibu 3,000, walisomewa mashtaka yao huko mwezi Mei 2012. Hadi mwaka 2025 kesi yenyewe ilikuwa haijaanza kusikizwa. Mawakili wamekuwa wakibishana miaka nenda miaka rudi juu ya ushahidi uliopatikana kwa mateso. Wazazi wa waliouawa wamezeeka, na wengine wamekufa wakingoja. Na gharama yake? Gazeti la New York Times lilikadiria mwaka 2019 kwamba kila mfungwa wa Guantánamo aliigharimu Marekani dola milioni 13 kwa mwaka. Fedha zote hizo zimenunua nini? Hazikununua haki, na hazikununua hata usalama.

Iko hoja nyingine, kwamba walioko Guantánamo ni watu wabaya kupita wote duniani na hawawezi kuachiliwa. Lakini hesabu yenyewe inaipinga hoja hii. Serikali ya Rais Bush, iliyolifungua gereza, ndiyo iliyowatoa wafungwa zaidi ya 500. Rais Barack Obama aliwatoa wengi wa waliosalia akabakisha 41. Rais Joe Biden alikuta 40, na mwezi Januari 2025, baada ya Wayemeni 11 kupelekwa Oman, wakabaki 15. Kati ya hao 15, sita walikuwa hawajashtakiwa kwa kosa lolote. Watu tisa walikuwa wamefia humo. Wangekuwa wote ni hatari kama tulivyoambiwa, serikali tatu za vyama viwili zisingewafungulia milango.

Nani basi aliyeifikisha idadi kutoka 780 hadi 15? Tusidhani kwamba ni wema wa wakubwa peke yake. Mwezi Februari 2002, wakati ambapo Marekani nzima ilikuwa bado imejaa hasira na majonzi, mawakili wachache wa kituo kimoja cha haki za kikatiba jijini New York walikwenda mahakamani kuwatetea watu wasiowajua, na wakatukanwa kwa hilo. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubaliana nao kwamba wafungwa hao wanaweza kuiomba mahakama ichunguze uhalali wa kufungwa kwao. Mwezi Juni 2008 mahakama hiyo ikarudia kwa uzito zaidi, ikasema kwamba haki hiyo ni ya Katiba na kwamba Bunge haliwezi kuifuta kwa kura. Hata mawakili wa jeshi, waliovaa sare na kuapa kuitumikia nchi hiyo hiyo, walisimama kuwatetea wafungwa. Mwaka 2005 Wamarekani 25 walisafiri hadi Cuba, wakatembea kwa miguu kuelekea kambi ile, wakataka kuwaona wafungwa, wakazuiwa. Tangu wakati huo wenzao wamekuwa wakikusanyika Washington kila ifikapo tarehe 11 Januari, katika baridi kali, wakiwa wamevaa nguo za rangi ya machungwa. Naye Jenerali Michael Lehnert, kamanda wa kwanza wa gereza lenyewe, aliyeamrisha kujengwa kwa vile vizimba vya nyaya, aliandika mwaka 2013 kwamba gereza halikupasa kufunguliwa na kwamba ni wakati wa kulifunga.

Ni kweli kwamba hawajafaulu kulifunga. Tarehe 22 Januari 2009, siku ya pili baada ya kuanza kazi, Rais Obama alitia sahihi amri kwamba gereza lifungwe katika muda wa mwaka mmoja. Bunge likamzuia kwa kupiga marufuku fedha za umma zisitumike kuwahamishia wafungwa katika ardhi ya Marekani. Mwezi Januari 2018 Rais Donald Trump akaamuru libaki wazi. Aliporudi madarakani, mwezi Januari 2025, akaagiza kambi ile itayarishwe kupokea wahamiaji hadi 30,000, na mwezi uliofuata ndege za kwanza zikawapeleka. Hili ni funzo kubwa. Mahali palipotengwa pasipo sheria hapabaki kuwa pa wale waliokusudiwa mwanzoni. Shimo likiachwa wazi njiani halichagui wa kumtumbukiza. Jana walikuwa watuhumiwa wa ugaidi, leo ni watu waliovuka mpaka kutafuta kazi, na kesho hatujui ni zamu ya nani.

Sisi Wakenya tumekwisha kulionja hili. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwafunga makumi ya maelfu ya watu katika kambi za kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Nayo ilikuwa na tafsida zake. Kuteswa kuliitwa kurekebishwa tabia. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba wamekufa baada ya kunywa maji. Ilikuwa ni hadi wabunge kadhaa huko London, wa chama tawala na wa upinzani, walipoinuka kuuliza maswali ndipo ukweli ukatoka, na mfumo wa kambi ukaanza kuporomoka. Mwaka 2013, miaka 54 baadaye, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa, ikaonyesha masikitiko yake, na ikakubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9. Kama Hola isingepigiwa kelele, wazee wale wangezikwa na siri yao.

Uhuru ulipokuja, kizuizini hakikwenda na Mzungu. Katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo, katikati ya Nairobi, Wakenya waliteswa na Wakenya wenzao huku watu wakipita juu barabarani kwenda kazini. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Profesa Wangari Maathai, walikwenda kuketi katika bustani ya Uhuru wakasusia chakula. Hawakuwa na wakili mashuhuri wala bunduki. Siku chache baadaye polisi waliwapiga na kuwatawanya, nao wakahamia katika kanisa la All Saints, wakaendelea kukaa hapo kwa muda wa karibu mwaka mzima, mpaka wengi wa wana wao wakaachiliwa. Walioambiwa wakati ule kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji waliona wenyewe kwamba ng'ombe huyu aliacha maji akaondoka.

Kwa walimu wa fasihi kuna jambo jingine la kulitafakari. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu tangu 1969 kwa sababu ya waraka aliouandika, na mashairi aliyoyatunga humo gerezani kwa siri ndiyo yaliyotupa diwani ya Sauti ya Dhiki. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini Kamiti mwaka 1977 bila kushtakiwa, akaandika riwaya juu ya karatasi za chooni. Guantánamo nako walikuwemo washairi. Waliponyimwa kalamu walichora beti juu ya vikombe vya plastiki kwa vijiwe. Mwaka 2007 diwani ya mashairi yao ilichapishwa Marekani, lakini mashairi mengi zaidi yalizuiliwa, jeshi likisema kwamba ushairi ni hatari kwa usalama. Mohamedou Ould Slahi wa Mauritania aliingia humo akijua Kiarabu, Kifaransa na Kijerumani. Kiingereza alijifunza gerezani, kutoka kwa walinzi na wahoji wake, kisha kwa lugha hiyo hiyo akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2015 kikiwa kimejaa mistari meusi ya wakaguzi. Alikaa miaka 14 bila kushtakiwa. Fasihi ya kizuizini, basi, si mada ya mtihani tu. Ni ushahidi kwamba anayefungwa pasipo hukumu hubaki na kitu kimoja tu cha kujitetea, nacho ni neno.

Tufanye nini? Sitawaambia wanafunzi waandamane hadi Cuba. Yako mambo yaliyo karibu. Walimu wa Kiswahili wanaweza kuchukua taarifa za serikali yoyote, yetu ikiwa ya kwanza, wakawafundisha wanafunzi kuzipekua tafsida zake. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya vijana ya mwezi Juni, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliorodhesha visa zaidi ya 80 vya Wakenya waliotekwa nyara. Wako walioita hali hiyo kupotea. Anayepotea hupotea mwenyewe, kwa kutojua njia. Aliyetekwa ametekwa na mtu. Tofauti ya vitenzi hivi viwili ni tofauti ya kuwa na mshtakiwa na kutokuwa naye, na mwanafunzi aliyeelewa kauli ya kutendwa katika sarufi anapaswa kuiona mara moja.

Walimu wa uraia nao wasome na wanafunzi wao kifungu cha 25 cha Katiba yetu ya mwaka 2010. Kinazitaja haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa hali yoyote ile. Miongoni mwazo ni kutoteswa, kusikizwa kwa haki mahakamani, na kufikishwa mbele ya mahakama ili uhalali wa kufungwa kwako uchunguzwe. Walioiandika Katiba hiyo walikumbuka Hola na walikumbuka Nyayo. Hawakuongeza maneno ‘isipokuwa kwa mtuhumiwa wa ugaidi’. Kijana akilielewa hilo, atajua pia kwamba Mkenya aliyekabidhiwa mwaka 2007 pasipo hakimu alidhulumiwa kwanza hapa nyumbani, kabla ya kufika Cuba. Hatuwezi kuwaambia Wamarekani wafunge Guantánamo ilhali sisi wenyewe tunapeleka watu huko.

Na vyama vya wanafunzi, vyama vya walimu na vilabu vya mijadala waandike barua kwa wabunge wetu na kwa ubalozi unaohusika, wadai mambo mawili yaliyo wazi: kwamba kila aliyebaki Guantánamo ashtakiwe mbele ya mahakama ya kweli au aachiliwe, na kwamba Kenya isimkabidhi mtu tena kwa nchi yoyote bila ya kumpitisha kwa hakimu. Barua moja haifungi gereza. Lakini kesi ya kwanza ya mwaka 2002 nayo ilikuwa karatasi chache tu zilizopelekwa mahakamani na watu waliochekwa.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Waliouawa Nairobi na Kikambala wana haki yao, na walioko Guantánamo nao wana yao. Haki zote mbili hupatikana mahali pamoja, penye hakimu, ushahidi na hukumu, na mahali hapo si Guantánamo.